Nyumba mpya ya mtindo wa Lamu kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100: kipi kibaki, kipi kibadilike?

MjengaKilifi

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii kwa mikono yao.

Kiwanja kiko Kilifi, futi 50 kwa 100, upande mfupi unatazama barabara ya mtaa. Nyumba ni ya chini tu bila ghorofa, vyumba vitatu vya kulala, na nataka ifuate mpango wa nyumba za kale za Lamu: daka mbele (ukumbi wa nje mlangoni), tekani (ukumbi wa ndani wa kuingilia), kiwanda (ua wa kati), msana (ukumbi ulio wazi upande wa ua), na chumba cha ndani chenye ukuta wa zidaka (vidaka, yaani vishubaka vya ukutani). Ukuta ni wa mawe ya korali ya kuchimbwa ya inchi 9. Ndani nataka dari ya boriti na kuta nyeupe za chokaa.

Mchoro niliopewa una sebule ya mita 5 kwa 5, madirisha makubwa ya vioo barabarani, kiwanda cha mita 2 kwa 2 katikati, na zidaka za kubandika za jipsamu. Nikiutazama sioni Lamu ndani yake, lakini nashindwa kusema kosa liko wapi. Hoja zinazonitatiza ni vipimo vya vyumba na kiwanda, maji ya mvua ya masika, chokaa dhidi ya saruji, na kama boriti za mikoko bado zinafaa au nitafute mbadala.

---

RamaniPwani

Waaleikum salaam. Kosa la mchoro huo ni upana wa vyumba. Nyumba ya Lamu ilipimwa kwa boriti. Mti wa mkoko unaobeba dari ya chokaa hauvuki salama zaidi ya mita 2.5 hadi 2.8, kwa hiyo kila chumba kikawa chembamba na kirefu, na vyumba vikapangwa sambamba kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, msana, kisha ndani. Mtu akiingia anavuka kuta hizo moja baada ya nyingine, na kila hatua mwanga unapungua na faragha inaongezeka. Sebule ya mraba ya 5 kwa 5 inaua mpangilio huo wote, hata uweke zidaka mia.

Leo una konkriti na mbao ndefu, hulazimiki kubaki kwenye 2.6. Lakini usivuke mita 3.2. Chumba cha 3.2 kwa 6 kinabeba makochi kwa upande mmoja wa urefu na njia ya kupita upande wa pili, na bado jicho linasoma umbo la kale. Kitanda cha futi 6 kikiwekwa kwa upana wa chumba kinabakiza zaidi ya mita moja miguuni, inatosha.

Hesabu ya kiwanja chako: upana ni kama mita 15. Ukiacha mita 1.5 kila upande inabaki 12. Vyumba vya mashariki na magharibi vya mita 3.2 kila kimoja, kuta nne za sentimita 23, na katikati inabaki karibu mita 4.7. Hiyo ndiyo kiwanda. Urefu wake ufanye 4.5. Kiwanda cha 2 kwa 2 chenye kuta za mita 3 ni kisima: hakishushi mwanga wa kutosha, sakafu haikauki wakati wa masika, na kuvu huanza nyuma ya kabati. Upana wa kiwanda usiwe mdogo kuliko urefu wa kuta zinazokizunguka.

Msana uweke upande wa kusini wa kiwanda, uwazi wake ukitazama kaskazini, kina cha mita 2.5. Kilifi iko kusini kidogo ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini kama nyuzi 27, na kwa ukingo wa paa wa mita 2.7 jua hilo litaingia mita 1.4 hivi; nyuma yake bado una kivuli, na huo ndio msimu wa baridi yetu. Desemba, joto likiwa kali, jua limehamia kusini na msana wote una kivuli. Nyuma ya msana ndipo ndani, mita 3.2, mlango wake katikati na ukuta wa zidaka mkabala nao.

Joto baya la pwani linatoka ukuta wa magharibi. Huko weka bafu, stoo na kabati za nguo, madirisha yawe madogo na ya juu. Mabafu yote yakae kwenye ukuta wa nje kwa mstari mmoja, bomba la maji machafu lisipite chini ya kiwanda hata kidogo. Na kwa kuwa kibla chetu ni kaskazini, viti vya choo vyote vielekee mashariki au magharibi. Waambie mafundi mapema, maana bomba likishamwagiwa konkriti hakuna wa kuligeuza.

Mlango wa mbele usilingane na uwazi wa tekani. Usogeze angalau mita 1.2 ili aliyesimama barabarani mlango ukiwa wazi aone ukuta tu. Lakini kona hiyo iwe na upana wa mita 1.3 safi. Friji, kochi la watu watatu na jeneza vyote vinapita hapo, na vipimo vya kale vya sentimita 80 havikukusudiwa friji.

Madirisha ya kioo barabarani yaondoe. Kama sheria ndogo za kaunti zinadai kila chumba kiwe na dirisha la nje, yape vyumba vya barabarani madirisha membamba yenye vipepeo vya mbao (vibao vya mlalo vinavyopitisha hewa), sehemu ya chini ikianzia mita 1.5 kutoka sakafuni. Dirisha la alumini la kuteleza linafungua nusu tu ya eneo lake. Ukinunua la mita 1.2 kwa 1.2 unapata hewa ya mita za mraba 0.72. La bawaba linafunguka lote. Upande wa kiwanda ndiko ufungue kwa wingi: milango miwili miwili yenye vipepeo, ili kusi na kaskazi zote zipate njia ya kupita chumbani na kutokea uani.

---

ChokaaNaJiwe

Nakubaliana na RamaniPwani kuhusu upana. Mimi nitasema la ukuta, maana hapo ndipo nyumba nyingi mpya za "kiswahili" zinapoharibika ndani ya miaka mitatu.

Jiwe la korali linanyonya unyevu na kuutoa. Ukilifunika kwa plasta ya saruji ya 1:4 (saruji 1, mchanga 4) na rangi ya plastiki juu yake, unyevu unaopanda kutoka chini na chumvi iliyomo jiweni vinakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inaganda kuwa chembe, na chembe zinasukuma. Utaona rangi imevimba kwa malengelenge, kisha plasta inalia bo-bo ukiigonga, kisha inaanguka kipande kizima na uso wa jiwe. Chokaa ni laini kuliko jiwe na ina vinyweleo. Unyevu unapita na kukaukia nje.

Kwanza udongo wa kujengea. Kwa mawe laini tumia saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Msingi na safu tatu za kwanza juu ya ardhi tumia 1:1:6. Kila jiwe lilowe maji kabla ya kuwekwa, la sivyo linanyonya maji ya udongo na kiungo kinabaki unga. Mchanga uwe wa mto, mkali, usio wa ufuoni. Weka mchanga kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku kucha: tope likizidi kidole kimoja juu ya mchanga wa vidole kumi, uoshe. Mchanga wa bahari unaleta chumvi ukutani na unakula vyuma kwenye linta (mhimili wa konkriti juu ya mlango au dirisha).

Plasta ya ndani: chokaa 1, mchanga 3, kwa tabaka tatu. La kwanza milimita 12, likwaruzwe kwa misumari likianza kushika. Subiri siku 7 hadi 10. La pili milimita 8, mchanga laini zaidi, lisuguliwe kwa ubao. La mwisho ni neru, milimita 2 hadi 3, chokaa iliyochujwa na mchanga mwembamba sana au unga wa jiwe la korali, ikandamizwe kwa mwiko mpaka ing'ae. Kwa mita za mraba 100 andaa mchanga mita za ujazo 2.5 na chokaa ya mifuko kama mifuko 20 hadi 22 ya kilo 25.

Chokaa ya mifuko isitumike siku ileile. Iloweke kwenye pipa au shimo lililozungushiwa nailoni, maji yasimame sentimita 5 juu yake, wiki mbili angalau. Ikikaa miezi ni bora zaidi. Angalia tarehe kwenye mfuko na uvunje bonge: chokaa iliyokaa stoo yenye unyevu imekwisha geuka jiwe la unga na haitashika tena. Ukipata chokaa ya tanuri isiyozimwa, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kurusha. Miwani na glavu ni lazima, na watoto wawe mbali.

Linaloharibu plasta ya chokaa kuliko yote ni haraka. Haikauki kama saruji. Inashika kwa kuvuta hewa ukaa polepole, karibu milimita moja kwa mwezi, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Kwa siku 5 hadi 7 kila tabaka linyunyiziwe maji mara tatu kwa siku, na upande wenye jua au upepo mkali utundikwe magunia yaliyolowa. Ukiona nyufa nyembamba kama utando siku ya pili, aidha chokaa ilizidi, au tabaka lilikuwa nene, au upepo ulilikausha. Lisugue tena kwa ubao lingali bichi, nyufa zitafunga. Likishakauka na ukilikwaruza kwa kucha linatoka unga, ondoa uanze upya.

Rangi ni chokaa ile ile iliyoyeyushwa mpaka iwe kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mkono mwembamba hata uone haufuniki. Ukuta ulowe kabla. Mkono mmoja mzito utabanduka na kuchafua nguo za kila anayeegemea.

Bafuni kwenye eneo la kuoga weka vigae au plasta ya saruji na chokaa 1:1:6 yenye kuzuia maji. Chokaa tupu hapo haitadumu.

---

MjengaKilifi

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Kiwanda cha 4.7 kwa 4.5 na msana wa kusini nimeviandika.

Mawili ya ziada. Zidaka kwenye ukuta wa inchi 9, zikatwe ndani ya ukuta au vipi? Na mchoraji ameniambia boriti zipangwe kama fomu (ukungu wa kumwagia), konkriti imwagwe moja kwa moja juu yake, zibaki hapo daima. Je, ni sawa?

---

SeremalaWaBoriti

La kumwaga konkriti juu ya boriti likatae. Mti unavuta maji ya konkriti unavimba, kisha unakauka unasinyaa, na baada ya mwaka una boriti zinazoning'inia kwenye pengo, uso wa juu umeshaoza bila wewe kuuona. Mbaya zaidi, mafundi huanza kuihesabu boriti kama inabeba na kupunguza vyuma.

Una njia mbili za kweli.

Ya kwanza, boriti inabeba. Chagua boriti zenye kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5, zilizonyooka, zilizobanduliwa gome. Uwazi usizidi mita 2.6, nafasi kutoka kati hadi kati sentimita 30, kila ncha iingie ukutani sentimita 20. Juu yake weka mbao za kupigiliwa, usirudie dari ya kale ya mawe bapa na chokaa: tabaka la sentimita 25 la chokaa lina karibu kilo 450 kwa kila mita ya mraba, na uzito huo ndio unaokunja boriti za nyumba nyingi za zamani pindi ncha zinapoanza kuoza. Ncha ndizo zinazokufa kwanza, kwa sababu ukuta unazilisha unyevu na mchwa hupita humo bila kuonekana. Usizizibe kwa udongo. Acha nafasi ya sentimita 2 kuzunguka ncha, chini yake weka kipande cha nailoni nene au bati la risasi, na ncha zipakwe dawa mara mbili. Kwa upana wako wa 3.2 njia hii haifai, isipokuwa uweke mhimili katikati.

Ya pili, slabu inabeba na boriti ni ya macho. Slabu imwagwe kwa fomu ya kawaida, fomu ikiondolewa ndipo boriti zifungwe chini yake kwa mikanda ya chuma kisichoshika kutu, zikiacha milimita 10 kati ya mti na konkriti. Hewa ikipita hapo, mti utaishi. Kwa njia hii unaweza kutumia miti myembamba zaidi, daraja la mazio au hata pau nene, na hesabu ya miti inashuka: nafasi ya sentimita 40 inatosha macho.

Kuhusu mti wenyewe. Mkoko na mkandaa ni bora kwa ugumu, lakini ukataji wake Kenya unahitaji leseni ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), na mwenye kuuza akuonyeshe karatasi. Asipokuwa nayo, achana naye. Mikoko ya pwani yetu imekwisha liwa sehemu nyingi. Mvinje unapandwa mashambani na unafanana kwa umbo, ila unapasuka ukikauka juani na dumuzi wanaupenda. Ukate, ubandue gome siku hiyo hiyo, uuloweke ungali mbichi kwa siku 10 hadi 14 kwenye maji lita 100 yenye kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki, kisha uukaushe kivulini mwezi mzima, ncha zikiwa zimepakwa rangi ili zisipasuke. Dawa hiyo huoshwa na mvua, kwa hiyo ni ya ndani tu. Miti ya msana inayopigwa na mvua iwe mkaratusi uliotiwa dawa kwa mgandamizo.

Mlango: mbambakofi au mvule. Jozi ya kale ina mbao mbili za sentimita 55 hadi 60, mfaa (mti wa kati unaofunika mwanya wa mbao hizo) ukiwa kwenye ubao wa kushoto. Ukifungua mmoja tu huwezi kupitisha friji, kwa hiyo fanya uwazi wa mita 1.4. Acha milimita 4 hadi 5 chini ya mfaa kwa ajili ya masika, mti utavimba tu. Mbao zilizotoka bara zikae karakanani pwani wiki kadhaa kabla ya kuchongwa. Usipake vanishi upande wa jua. Inapasuka, maji yanaingia chini yake na mti unageuka mweusi. Mafuta ya kitani mara mbili kwa mwaka, moja kabla ya masika. Bawaba na misumari viwe vya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu cha daraja 316. Chuma cha kawaida kitalia kutu ndani ya nakshi.

---

ChokaaNaJiwe

Zidaka usizikate ndani ya ukuta wa inchi 9. Ukitoa sentimita 15 unabaki na ngozi ya sentimita 8 nje, na mvua ya kusi itaipita. Kuta za kale zilikuwa na unene wa nusu mita hivi.

Jenga ukuta wa pili mbele ya huo. Ukuta wa inchi 9 unabaki mzima, na mbele yake unapanda gridi ya mawe ya korali yaliyokatwa kwa msumeno, kina cha sentimita 20. Kwa upana wa mita 3.2: vidaka 7 vya sentimita 35, na nguzo 8 za sentimita 9. Kwa urefu: anza sentimita 40 kutoka sakafuni, safu 5 za sentimita 38, rafu 6 za sentimita 5, unafika mita 2.6. Rafu ni vipande vya konkriti vilivyomwagwa chini kabla, vyenye wavu mwembamba katikati. Kila baada ya safu moja funga gridi na ukuta wa nyuma kwa vipande viwili vya waya wa mabati. Msingi wa ukuta huo upanuliwe tangu mwanzo, usipandishe gridi juu ya sakafu tupu. Itazama milimita chache na kila rafu itapasuka kwenye kona.

Matao na nakshi za mbele zifanywe kwa neru nzito, zichongwe kwa kisu zingali na ubichi wa jibini. Jipsamu ni rahisi kwa fundi, lakini kwa hewa yetu ya chumvi inalainika, hasa ukuta ukiwa na bafu upande wa pili. Ukitaka taa ndani ya vidaka, mabomba ya nyaya yapitishwe nyuma ya gridi kabla haijapanda.

---

RamaniPwani

Niongeze ya maji na baraza, kisha nimwachie mhandisi wako.

Mapaa mawili ya pembeni yakiinamia kiwanda, unapokea maji ya mita za mraba 29 za paa na 21 za kiwanda chenyewe, jumla 50. Mvua kali ya milimita 100 kwa saa inaleta lita 1.4 kila sekunde. Bomba moja la inchi 4 lenye mteremko wa 1 kwa 80 linaweza kabisa, lakini weka mawili, maana jani moja la mkungu na kipande cha nailoni vinatosha kuziba moja. Sakafu ya kiwanda iwe chini ya sakafu ya vyumba kwa sentimita 15, imiminike 1 kwa 60 kuelekea mabomba. Zaidi ya hayo toboa njia ya dharura kupitia tekani hadi nje, sentimita 5 chini ya kizingiti cha vyumba, ili mabomba yote mawili yakizidiwa maji yatoke barabarani badala ya kuingia ndani.

Maji ya paa yatenge kwa mfereji wake hadi tangini. Kilifi inapata mvua ya kama mita moja kwa mwaka, kwa hiyo paa hizo mbili zitakupa karibu lita 23,000 kwa mwaka mzima. Birika za kale ziliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Tangi lako lifunikwe na kila tundu liwe na wavu.

Baraza za daka na za nje: urefu sentimita 42, kina 50, uso umiminike kidogo kuelekea nje. Karibu kila nyumba mpya yenye baraza ina ukuta unaobanduka ndani kwa urefu uleule wa baraza, na sababu ni moja. Fundi hujenga nyumba, anaweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, kisha baadaye anajaza baraza kwa kifusi kilichobanana na ukuta. Kifusi kinapitisha unyevu juu ya ile nailoni. Kabla ya kujaza, paka ukuta lami mikono miwili hadi sentimita 15 juu ya uso wa baraza, simamisha nailoni nene, au jenga baraza tupu ndani kwa vijiguzo na slabu nyembamba juu. Baraza zote ziwe ndani ya mpaka wa kiwanja chako, hata kama majirani wametoka nje.

Chuma chochote ndani ya konkriti ya slabu na linta kifunikwe milimita 40, kwa vibao vya saruji na si kwa vijiwe vya kuokota. Na kabla hujaweka vigae vya kiwanda, ziba bomba moja kwa gunia, mwaga lita 1,000 ndani ya dakika 12, ukaangalie kama maji yanafika kizingitini. Ikiwa yanafika, mteremko urekebishwe siku hiyo, sakafu ingali saruji tupu.